Chokaa ya Mgeni

Siku Mwalimu Oswini alipofariki nilikuwa nimekaa kitandani, kwenye chumba changu cha kupanga Mbinga mjini, nikisoma ujumbe wa simu ambao nilikuwa nimeshausoma asubuhi, nikausoma tena mchana, na tena wakati maharage yakichemka. Ulitoka kwenye kampuni moja inayopima sampuli za makaa ya mawe kule Ngaka. Waliniita kazini. Mwishoni waliandika: tafadhali thibitisha. Mtu mwingine angethibitisha kabla hajakaa. Mimi nilianza kujiuliza kwa nini wameweka "tafadhali", kama wana haraka, na kama wana haraka basi aliyekuwepo kabla yangu aliondoka vipi, na kama aliondoka kwa ubaya mimi nitawezaje kukaa kwenye kiti chake. Nilikuwa nimefika hapo simu ilipoita. Alikuwa Meinradi, niliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi anaendesha lori la makaa. Sikusikia muungurumo wa injini nyuma ya sauti yake, nikajua amesimama kando ya barabara, na Meinradi hasimami ovyo. "Kandi," alisema, "Mwalimu hatunaye. Presha. Anazikwa kesho kutwa kwao, ziwani." Nikauliza Mwalimu gani, ingawa nilijua. Kwa watu wa darasa letu Mwalimu alikuwa mmoja tu.

Safari ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ina kona nyingi, na mtu mwenye kichwa kama changu hapaswi kusafiri akiwa amekaa dirishani bila mtu wa kuongea naye. Niliandika "Nathibitisha", nikafuta. Nikaandika "Nimepokea", nikaona ni neno la karani, nikafuta hilo pia. Mtandao ulipokatika nilifurahi kama mtu aliyepewa ruhusa. Kisha ziwa likatokea chini, pana na tulivu kupita kiasi, na badala ya kumfikiria marehemu kama inavyopasa nikajikuta nafikiria kidato cha tatu: chumba chenye magunia ya kahawa, chupa ya maji iliyokatwa nusu, na msumari mmoja wa inchi nne uliofungwa uzi. Mwaka huo mmoja ndio ulionifanya niwe nilivyo, pamoja na kasoro zake zote. Nimejaribu kuusimulia kwa watu mara kadhaa, na kila mara naanza mahali pasipofaa.

Labda nianze na chumba. Shule yetu ilikuwa ya kata, kwenye vilima vya upande wa Kitura, na mimi nilitoka Mpepai, kwa hiyo nilipanga kwa Bibi Osmunda pamoja na Ludgera, tuliyekuwa dawati moja. Chumba kilikuwa cha matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, na nusu yake ilikuwa ya kahawa. Magunia yalipangwa mpaka karibu na dari, na tulilala upande uliobaki, kitanda kimoja, vichwa vikiwa karibu na magunia kiasi kwamba nguo zetu za shule zilinuka maganda ya kahawa mwaka mzima. Usiku tulikula ugali na maharage. Siku ya gulio, watu wa ziwani wakipandisha samaki, tulikula usipa wa kukaanga, na Ludgera alikuwa akiwapanga kwenye ukingo wa sahani, vichwa vyote vikitazama upande mmoja, kabla hajawagusa. Ukuta kati yetu na Bibi haukufika juu, kwa hiyo tulisikia kila alichosema na dada yake aliyekuja jioni kuota moto. "Hawa wapangaji wako wanasoma nini?" dada aliuliza siku moja. "Kemia." "Ndiyo nini hiyo?" Bibi akafikiri kidogo. "Ni kuchanganya dawa." Dada akasema, "Basi waje wachanganye ya kahawa yako, mkono wako siku hizi unatetemeka, mwaka jana uliunguza mstari mzima." Ludgera alijifunika shuka usoni asicheke kwa sauti. Bibi akaita kutoka upande wa pili: "Nyie! Nawasikia mnavyonisikia!"

Dawa yenyewe lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna kinachofuata kitakachoeleweka. Wakulima wengi sasa wananunua dawa ya paketi, lakini kwetu na kwa majirani wengi bado walikuwa wanachanganya wenyewe ile ya kuzuia ugonjwa wa majani: mrututu, ile chumvi ya bluu inayong'aa kama vioo vilivyovunjika, unayeyushwa kwenye ndoo ya plastiki, halafu unatiwa maji ya chokaa. Ndoo lazima iwe ya plastiki kwa sababu ya chuma mrututu unaila. Na kabla ya kupulizia, kuna jambo ambalo kila mtoto wa kahawa amelishuhudia: mama anachukua kisu, anakisugua kwa mchanga mpaka king'ae, anakichovya kwenye ndoo na kusubiri. Kisu kikitoka cheupe, dawa ni salama. Kikitoka na wekundu, hata kidogo, dawa ni kali, itaunguza majani, na mtu atapiga kelele: "Chokaa haijatosha!" Sisi watoto ndio tuliokuwa tunakimbia kuileta. Nimekimbia hivyo mara nyingi kiasi kwamba hadi leo nikiona chuma kikiwa chekundu miguu inataka kuondoka.

Mwalimu Oswini hakujua lolote kati ya haya. Alikuwa mtu wa ziwani, kijana bado, aliyemaliza chuo na kuja kwetu kujitolea wakati akisubiri ajira. Alifika msimu wa baridi na suruali nyembamba za kitambaa na shati la mikono mifupi, akatufundisha kipindi cha kwanza akiwa amekumbatia kitabu kama mtu aliyebeba mtoto. "Nyie watu mnaishije huku?" aliuliza. Meinradi, aliyekuwa hana breki tangu zamani, akajibu, "Tunakula ugali, Mwalimu, sio usipa. Usipa haushiki joto." Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Sawa, Mmatengo wa mashimo. Mimi nimetoka kwenye maji, wewe umetoka kwenye ngolo. Tutaona nani ataota kwanza." Ngolo ni yale mashimo ambayo sisi Wamatengo tunalimia milimani, yenye majani yaliyofukiwa chini ya udongo, na watu wa ziwani hututania kwamba tunalima makaburi. Tangu siku ile tulikuwa wake. Tulikuwa tisa tu, tuliobaki kwenye masomo ya sayansi baada ya wengine kukimbilia sanaa, na chumba chetu kilikuwa maabara ambayo haikuwahi kumalizika, ambayo shule iliitumia pia kuhifadhi mahindi ya chakula cha mchana. Tulisoma tukiwa tumekalia magunia. Panya nao walisoma.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na maneno yake yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyetu kama ndege. Mwalimu alikuwa anasoma sentensi, anafunga kitabu, anasema, "Sasa tuseme kibinadamu." Mimenyuko ya kemia, alisema, ipo mingi sana, lakini kwa kuanzia ijueni kwa tabia zake nne. Kuna kuungana: vitu viwili vinakuwa kimoja, kama kaa la Ngaka linapowaka na kushikana na hewa. Kuna kuvunjika: kimoja kinakuwa viwili, kama jiwe la chokaa linapochomwa, hewa yake ikatoka na chokaa ikabaki. Kuna kunyang'anyana: mwenye nguvu anamtoa mnyonge kwenye kiti chake, kama yule mama wa kwaya anayefika kanisani amechelewa na bado anakaa benchi la mbele. Na kuna kubadilishana: wawili wanakutana na wawili, kila mmoja anaondoka na wa mwenzake. "Hilo mnalijua," alisema. "Gulioni. Sisi tunakuja na usipa, nyie mnakuja na mahindi. Jioni usipa uko mlimani, mahindi yako ziwani, na sote tunasema tumempiga mwenzetu." Niliandika kila neno. Kisha nikainua mkono kuuliza: je, kama mwenye nguvu akimkuta mwenye nguvu kama yeye? Na kama gulioni mmoja akikataa? Na tunajuaje kwamba kilichotokea ni cha tatu na si cha nne, kama hatuoni ndani? Mwalimu aliniangalia, akasema, "Kandida, wewe utakuja kuwa mkemia au utakuja kuwa mgonjwa." Sikuwa na uhakika kama ni utani. Bado sina.

Siku moja nilitumwa ofisini kurudisha chaki, nikasimama nje ya mlango kwa sababu ndani kulikuwa na maongezi, na mimi siwezi kukatiza watu wakiongea. Nasubiri nafasi ambayo haiji. Mkuu wa shule alikuwa anasema, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini watoto tisa, mwalimu mmoja wa kujitolea, maabara ni ghala. Mgeni anakuja kutoka wilayani kuangalia. Akiona hali hii atasema waende sanaa wote, na mimi sitakuwa na la kumjibu." Mwalimu Oswini akasema, "Niachie nimwonyeshe kitu kimoja, Mkuu. Kimoja tu. Akiona watoto wanaelewa, ataacha." Mkuu akavuta pumzi. "Na Ngaka je? Nasikia wamekuita kwenye makaa." "Wameniita," alisema Mwalimu. Niliondoka na chaki zangu mkononi. Sikumwambia mtu ila Ludgera, na Ludgera aliyemwambia ni Meinradi tu, na kufikia jioni Bibi Osmunda alikuwa anamweleza dada yake kwamba yule kijana wa ziwani ataondoka na watoto watahamishiwa historia.

Sijui nilikuwa nataka nini hasa na kemia. Sikuwa na ndoto iliyonyooka kama ya Ludgera, ambaye alitaka unesi na alijua hata rangi ya viatu. Nilichojua ni kwamba kwenye masomo mengine wasiwasi wangu ulikuwa ugonjwa, ilhali kwa Mwalimu Oswini ulikuwa kazi. Kuuliza "tunajuaje" kulikuwa na mahali pa kukaa. Nilipofikiria kuhamishwa nilihisi kama mtu anayeambiwa arudishe miwani. Kwa hiyo wiki ile sikulala vizuri, na nilipolala niliota ndoo.

Siku ya mgeni ilipofika shule nzima ilipakwa chokaa. Ndiyo desturi: mgeni akija, mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, mashina ya miti yanapakwa chokaa, na kuna mwaka hata mbuzi wa mlinzi alipakwa kwa bahati mbaya. Ndoo iliyobaki iliachwa mlangoni mwa maabara yetu, na mti wa kukorogea ndani yake. Mwalimu alikuwa ametoka mjini na mrututu kwenye kifuko. Aliuyeyusha kwenye chupa ya maji iliyokatwa nusu, maji yakawa ya bluu mpaka Ludgera akasema angependa gauni la hivyo. Akafunga msumari uzi, akauning'iniza ndani. "Msiguse," alisema. "Mgeni akifika utakuwa tayari. Mtaona nani amemnyang'anya nani kiti." Akatoka kwenda kumpokea, akiwa amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega.

Tulibaki tukitazama. Haikuchukua muda. Msumari ulianza kubadilika kuanzia chini, ukapata rangi ya udongo wa barabarani, kisha wekundu halisi, kama kutu iliyo hai. Leo najua kilichokuwa kinatokea: chuma kilikuwa kinaingia kwenye maji na shaba iliyomo kwenye mrututu ilikuwa inatolewa kwenye kiti chake, inakuja kujibandika nje, na hilo ndilo Mwalimu alilotaka lionekane. Lakini wale waliokuwa wanatazama walikuwa watoto wa kahawa tisa, na tulichoona ni kisu cha mama kimetoka kibaya. Meinradi ndiye aliyetamka. "Imekosewa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu amekosea dawa."

"Tungoje aje," nilisema.

"Tungoje? Mgeni yuko ofisini anakunywa chai. Aingie aone hivi?"

"Labda ndivyo inavyotakiwa."

"Kandi, unauona huu msumari? Hii kwenu mngepulizia?"

"Hakuna majani hapa, Meinradi."

"Hata kama!"

Ludgera akasema, "Mtu wa ziwani angejulia wapi? Maskini. Hakuna aliyemwambia." Na hilo ndilo lililoamua. Hatukutaka kumharibia, tulitaka kumwokoa. Tulimwona akisimama mbele ya mgeni na koti lake la kuazima, akionyesha dawa iliyokosewa, halafu tunapelekwa historia. Mimi nilikuwa bado napima: kama imekosewa, na kama haikukosewa, na kama tukigusa naye alisema tusiguse, lakini alisema hivyo akidhani ni sahihi. Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo kichwani wakati Meinradi alipochota chokaa ya mgeni kwa kifuniko cha chupa na kuimimina. Akachota tena. Akautoa msumari, akausugua kwa mchanga wa sakafuni mpaka ukang'aa, akaurudisha. Tukangoja kama tulivyofundishwa. Ukatoka mweupe. "Sasa ni salama," alisema, akafuta mikono kwenye suruali, na sote tukakaa kwenye magunia yetu tukijisikia watu wazima.

Waliingia watatu: mgeni aliyekuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, Mkuu, na Mwalimu Oswini nyuma yao. "Shikamoo," tulisimama. "Marahaba, kaeni, kaeni." Mwalimu alianza vizuri sana. Akasema hapa hatuna vyombo lakini tuna macho, na leo mgeni wetu ataona kwa macho yake jinsi chuma kinavyoitoa shaba kwenye nafasi yake. Akashika uzi, akaunyanyua. Msumari ukatoka ukiwa msafi kama ulivyotoka dukani. Chini yake, kwenye chupa, badala ya maji ya bluu kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya anga, kama uji uliotiwa bluu ya kufulia. Mwalimu aliutazama msumari. Akaurudisha, akaunyanyua tena, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango wa jirani. Panya alipita kwenye mahindi, na kila mtu alimsikia.

"Mwalimu," Meinradi akasimama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetegemea kupongezwa. "Usiwe na wasiwasi. Ilikuwa imekosewa, ilikuwa inatoka nyekundu. Tumeirekebisha."

Mkuu alifumba macho. Mgeni akavaa miwani. "Mmeirekebisha na nini?"

"Chokaa, mzee. Ile yako."

Sikumbuki kama mtu alicheka. Nakumbuka mgeni aliinama juu ya chupa, kisha akainuka na kuzungusha kidole hewani, kikasimama kwangu. Bila shaka kingesimama kwangu. "Wewe binti. Kimetokea nini humu?" Nikasimama. Nikasema kwamba kwanza, kwa kadiri nilivyoona, ingawa sikuona ndani na hakuna anayeweza kuona ndani, chuma kilikuwa kinamtoa shaba, na hiyo ni aina ya tatu. Ila sisi tulidhani ni kosa kwa sababu nyumbani wekundu maana yake dawa itaunguza majani. Kwa hiyo tukatia chokaa, na nadhani, sina hakika, labda Mwalimu atanisahihisha, chokaa na mrututu wakabadilishana wenzao, kama gulioni, na mmoja wa waliobadilishana hawezi kuyeyuka, ndiyo maana kuna uji. Na hiyo sasa ni aina ya nne, si ya tatu. Na kwa kuwa shaba imeshajificha kwenye uji, msumari hauna wa kumnyang'anya, isipokuwa kama chokaa haikutosha, na kama haikutosha basi—

"Binti," alisema mgeni, "jibu fupi."

"Sijui jibu fupi, mzee," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

Hapo ndipo Mwalimu Oswini alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la mahindi, koti la kuazima likampanda masikioni. "Kumbe mnaujua," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Kumbe mmenyuko huu mnaujua tangu mko mgongoni kwa mama zenu. Ila mnaujua kama kosa." Mgeni hakucheka. Alivua miwani akamwambia Mkuu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuondoka kabla mvua haijaanza, kwamba hawezi kusema watoto hawa hawaelewi, lakini pia hawezi kuwaacha wafike kwenye mtihani bila mwalimu. "Huyu akibaki, darasa libaki. Akiondoka, wahamishwe." Akaondoka na gari lake, na vumbi likatua juu ya mawe tuliyoyapaka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko siku yenyewe, kwa sababu hakukuwa na cha kufanya. Bibi Osmunda alituletea habari asizoulizwa: Mwalimu ameonekana stendi, hapana, alikuwa anapokea mzigo, ameonekana akiongea na dereva wa malori. Sisi tulimwona Jumapili, alipokuja mwenyewe kwa Bibi, akaomba afundishwe kile kipimo cha kisu. Bibi alimsimamia kama mtoto. "Sugua. Sugua tena, hicho bado kina mafuta. Nyie watu wa samaki kila kitu kwenu kina mafuta." Mwalimu alichovya, akangoja, akatoa, akauliza maswali mengi karibu kama mimi. Kuhusu Ngaka hakusema kitu, nasi hatukuthubutu. Ludgera alisema mtu anayejifunza dawa ya kahawa haondoki. Mimi nilisema labda anajifunza ili aage vizuri. Jumatatu aliingia maabara, akafuta ubao wote, pamoja na kona ambazo huwa hafuti, akaandika mada inayofuata. Hicho ndicho kilichokuwa jibu. Meinradi alipiga gunia ngumi, na mahindi yakamwagika.

Alibaki mpaka tukamaliza kidato cha nne, na baadaye akapata ajira pale pale, na akabaki. Nilipokuwa chuo nikisomea ualimu wa kemia nilikuwa nafikiri juu ya hilo wakati usiofaa, kwenye foleni ya chakula, katikati ya mtihani. Wenzake waliokwenda Ngaka wamejenga. Je, angebaki kama Meinradi angeiacha ile chupa? Kama ningejibu kwa kifupi? Je, tulimshika kwa kicheko kile, mtu ambaye alikuwa na mguu mmoja barabarani? Hakuna chombo cha kupimia jambo kama hilo. Hakuna kisu.

Kwa hiyo msibani, baada ya mazishi, wakati wanawake wakipakua ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, na wanakwaya wakianza kukunja majoho, nilikwenda kukaa mkekani karibu na mke wa marehemu. Nilimpa pole. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikamuuliza jambo lisiloulizwa kwa mfiwa. "Mama, aliwahi kujuta? Kwamba alibaki kule kwetu?" Alinitazama kwa macho yaliyovimba. "Wewe ndiye Kandida wa jibu fupi," alisema. "Mwanangu, Oswini alijuta mengi. Alijuta kuuza mtumbwi wa baba yake. Alijuta kila ndala aliyonunua. Baridi yenu aliisema mpaka mwisho, hata juzi alikuwa anaisema. Hilo la shule sijawahi kulisikia. Kula, samaki anapoa."

Mkuu, ambaye sasa ana mvi na fimbo lakini bado ni Mkuu, alinikuta naosha mikono. Hakuzunguka. Alisema darasa lipo, ni dogo kama lenu, na mwalimu wao tumemzika leo. Asipopatikana mtu, watahamishwa. Safari hii hata mgeni hahitajiki, yeye Mkuu atawahamisha mwenyewe. "Nafasi ni ya kujitolea kwa sasa," alisema. "Sikudanganyi." Nikasema, "Nitafikiria, Mkuu." Meinradi alikuwa nyuma yangu na mfupa wa samaki mdomoni. "Mkuu, tafuta mwingine," alisema. "Huyu akifikiria, mahindi yanapandwa, yanapaliliwa, yanavunwa, yeye bado yuko kwenye 'kwa upande mwingine'." Watu wakacheka, kicheko cha msibani, kifupi. Nikasema nitakuja kwa wiki moja. Wiki moja tu, wasikae bure. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeijua hiyo wiki.

Maabara imepigwa lipu sasa, lakini mahindi bado yapo. Niliingia Jumatatu nikiwa na mrututu, chupa iliyokatwa, msumari na uzi. Ujumbe wa Ngaka ulikuwa mfukoni bila jibu, na niliuhisi kila nilipoinama. Wanafunzi walisimama, "Shikamoo, madam," na nikageuka kidogo kumtafuta madam. Sikuwaeleza kitu. Niliuning'iniza msumari, nikarudi nyuma, nikanyamaza, jambo ambalo si rahisi kwangu. Ulipoanza kuwa mwekundu niliona mabega yao yakikaza. Wakatazamana. Msichana mmoja wa nyuma, mwenye sweta lililotoboka kiwiko, akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua tena. Niliijua ile safari ya mkono.

"Sema."

"Madam, samahani... labda nimekosea... lakini naona kama chokaa haijatosha."

"Kwenu mnalima kahawa?"

"Ndiyo, madam."

"Basi kailete. Iko kwenye ndoo pale ukumbini, iliyobaki walipopaka mawe."

Alikimbia. Alitia mwenyewe, kidogo kidogo, wenzake wakiwa wamemzunguka, na ule uji wa rangi ya anga ukatokea na kushuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya Meinradi nililia, si sana, nikijifanya ni vumbi la chaki. Nikawaambia kwamba wameona mambo mawili, na kwamba la kwanza halikuwa kosa. Kipindi kikaisha. Wengine wakatoka, yule msichana akabaki anafuta kifuniko cha chupa ambacho kilikuwa kimeshakauka.

"Madam, na kesho utakuwepo?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba ilikuwa wiki moja. Kwamba kuna watu wanasubiri nithibitishe, kwamba hakuna ajira mpaka wakati usiojulikana, kwamba mtu aliyewahi kusimama hapa alikuwa na moyo kuliko mimi na kwamba huku kuna baridi.

"Ndiyo," nilisema, nikageuka kuandika ubaoni mada inayofuata kabla sijaanza kueleza.